Mate yanavyoweza kufichua saratani ya kinywa

Saratani ya kinywa mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaenea na matibabu yamekuwa magumu. Lakini mate hubeba chembechembe zinazotoka kwenye uvimbe huo. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwemo David Wong, walilinganisha mate ya wagonjwa 32 na ya watu wazima wa afya 32, wakabaini viashiria 7 vya RNA vilivyopanda kwa wagonjwa. Kimojawapo, IL-8, kinaweza kupanda hata kwa ugonjwa wa fizi. Kwa hiyo mate hutoa tahadhari tu. Uthibitisho ni kukata kinyama na kukichunguza kwa hadubini. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 kionyeshe kwa daktari.