Reims, mji wa divai ambao wakaaji wake walihamia chini ya ardhi

Kutoka Paris mpaka Reims ni dakika 45 hivi kwa treni ya mwendo wa kasi. Wageni wengi wanaoteremka pale wanatafuta divai ya shampanye. Hawana haraka: wanazunguka katedrali ambamo wafalme wa Ufaransa walitiwa taji, wanakunywa kikombe cha kahawa, kisha wanashuka ngazi ndefu kwenda kuona depo za divai. Na huko chini ndiko kuna habari nzito kuliko ile ya chupa.

Mengi ya mashimo hayo yalichimbwa zamani, watu wakitafuta mawe laini meupe ya kujengea. Mengine yanashuka karibu mita 30. Ndani ni baridi ileile mwaka mzima, digrii 10 hivi, na divai inapenda hivyo.

Mwezi wa 9 mwaka 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Reims. Halikukaa hata wiki mbili, lakini liliporudishwa nyuma halikwenda mbali: lilijipanga karibu na mji na kuanza kurusha mabomu. Tarehe 19 katedrali iliwaka moto. Mji ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Wengi walikimbia. Maelfu wengine walibeba magodoro na sufuria, wakashuka katika depo za divai, wakalala kando ya chupa. Mwezi wa 12 shule ya kwanza ilifunguliwa humo chini, na watoto wakasoma kwa mwanga wa taa. Huko juu, wanawake, wazee na watoto walikuwa wamekwisha kuvuna zabibu za mwaka ule huku mizinga ikilia.

Waliishi hivyo zaidi ya miaka mitatu. Halafu, mwezi wa 3 mwaka 1918, wakubwa wa serikali waliamuru raia wote waliobaki watoke. Wale waliokataa kuwa wakimbizi tangu mwanzo wakawa wakimbizi mwishoni, vita ikiwa imebakiza miezi michache tu.

Waliporudi walikuta sehemu kubwa ya mji ni vifusi. Familia nyingi zilianza upya katika vibanda vya mbao. Katedrali yenyewe, ingawa tajiri Rockefeller wa Marekani alitoa pesa, ilifunguliwa tena yote mwaka 1938 tu.

Kuna mahali pengine ambapo wageni wachache wanafika. Katika bustani ya Parc de Champagne kuna sanamu ya askari weusi kutoka makoloni ya Ufaransa, waliosaidia kuulinda mji mwaka 1918. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1924, na pacha wake akasimamishwa Bamako, Mali. Mwaka 1940 Wajerumani waliporudi waliiondoa ile ya Reims. Iliyopo sasa ilisimamishwa mwaka 2013. Ile ya Bamako haikuguswa.