Mamba Muntu, Malkia wa Sebule za Lubumbashi

Kati ya wanawake wa majini waliowahi kuchorwa, hakuna anayenishika moyo kama Mamba Muntu. Ulaya wanaye Ophelia wa Shakespeare, ambaye John Everett Millais alimchora mwaka 1851 na 1852 akielea mtoni katikati ya maua; wanaye pia nguva wa Andersen, wa mwaka 1837, aliyetoa sauti yake kwa ajili ya mwanamume akageuka povu. Hao huangamia wenyewe. Mamba Muntu hafi. Wanaokwisha ni wanaomkubali.

Mtu huokota unywele wake au kitana ukingoni mwa maji. Usiku mwenyewe humjia ndotoni kudai chake. Wakipatana, mali huingia nyumbani, ila sharti mtu afunge mdomo na asimsaliti. Deni hulipwa baadaye, kwa ndoa iliyovunjika au kwa roho ya ndugu.

Sura yake imetoka mbali. Watafiti huihusisha na picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyochapwa Hamburg miaka ya 1880, ikaenea Afrika Magharibi kwa jina la Mami Wata na kuchapwa tena India mwaka 1955.

Kwetu Katanga hakutoka kwenye Hangar, karakana ya uchoraji ya Pierre Romain-Desfossés iliyofunguliwa mwaka 1946. Alitoka kwa wachoraji wa mitaani, rika la Tshibumba Kanda Matulu, waliochora juu ya magunia ya unga na kuuza wakipita nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1970 alikaa sebuleni kwa wafanyakazi na makarani: ngozi nyeupe, nywele ndefu, nyoka kando, saa mkononi. Ile saa ndiyo inayonisumbua zaidi. Wanaume walioamshwa na king'ora cha kampuni ya madini ya Gécamines walimtundika mwanamke mwenye saa, karibu na Colonie belge, picha ya mfungwa anayechapwa viboko. Naamini waliielewa vizuri bei ya utajiri.

Kisha shaba ikaanguka, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, wahubiri wakamwita Mamba Muntu shetani, kuta zikabaki tupu. Leo picha nyingi za enzi ile zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anayetaka kuona kilichopamba sebule ya babu yake huombwa viza kwanza, na hilo linaniuma.