Mti wa Mangi Meli

Kila aliyesoma chini ya Mlima Kilimanjaro anajua kuwa kilele chake kina urefu wa mita 5,895, na kwamba Mjerumani Hans Meyer alikifikia tarehe 6 Oktoba, 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Hayo tuliyakariri. Lililonipita mimi, na nadhani wengi wenu, ni kwamba Meyer alishuka na jiwe la kileleni, akampa Kaiser kipande chake, nacho kikapachikwa ukutani katika jumba la kifalme huko Potsdam. Jiwe lilikuwa mwanzo tu.

Old Moshi ilitawaliwa na Mangi Rindi, aliyepatana na Wajerumani. Alipofariki mwaka 1891 alirithiwa na mwanawe Meli, kijana bado. Mwaka 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumwua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi, 1900 walimnyonga pamoja na Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine, jumla yao watu 19. Ukoo wa Meli unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mti aliotundikwa ungalipo. Watalii hupita Kiboriloni kwenda Marangu bila kukunja kushoto. Siwalaumu, hata mimi miaka yote ya shule sikukunja. Niliuona nikiwa tayari mtumishi wa Serikali mwenye watoto, na mmoja wao akaniuliza kaburi la Mangi liko wapi. Nilikosa jibu.

Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alianza kulidai fuvu la babu yake miaka ya 1960, na uzeeni akakubali kupimwa vinasaba. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa mafuvu matatu yamelingana na ndugu walio hai nchini Tanzania. Mojawapo linaaminika kuwa la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Basi, ndugu zangu, katika mkutano wetu ujao napendekeza tusiishie kwenye chakula na picha. Vijana walioko madarasani waje nasi. Tukutane Kiboriloni saa mbili asubuhi, tupande kwenda Kidia, na mzee mmoja wa huko atusimulie tukiwa chini ya mti wenyewe.