Jino la Pembe na Pengo

Mwezi uliopita gego langu la chini liliniamsha saa nane za usiku. Asubuhi nikampigia mama. "Mwanangu, ling'oe tu upumzike. Wadudu wakishaingia, basi tena." Mama ana mapengo manne, kwa hiyo anaongea kwa uzoefu. Ila mimi ni mwandishi wa habari. Kabla ya kwenda kwa daktari nikakaa kwanza kusoma.

Hao wadudu wa mama wana historia ndefu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikwangua utando mweupe kwenye meno yake, akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vijidudu vinachezacheza. Na meno yenyewe alikuwa anayasugua kwa chumvi kila siku! Ikapita miaka mia mbili na zaidi ndipo Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti Berlin, alipoeleza katika kitabu chake cha 1890 kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na wanga, hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolila jino.

Elimu hiyo ilikuwa sahihi. Tatizo likaja kwenye matumizi yake.

Mwaka 1910 daktari William Hunter wa London alihutubia Montreal, Kanada, akawashambulia madaktari wa meno waliokuwa wanafunika mizizi iliyooza kwa dhahabu. Juu panang'aa, chini usaha. Hapo alikuwa na hoja, maana dhahabu haiponyi uozo. Na ni kweli bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kushambulia vali za moyo. Lakini wengi waliomfuata walipitiliza. Mgonjwa akilalamika viungo vinauma, wanaangalia meno. Yakang'olewa mengi mno, hata yasiyo na kasoro.

Russell Cecil wa New York naye aliwahi kuliamini wazo hilo. Mwaka 1938, yeye na mwenzake wakachapisha uchambuzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi: kung'oa meno hakukuwasaidia. Nilimheshimu kwa kukubali hadharani kwamba alikosea. Bahati mbaya, meno yalikuwa yameshakwenda. Wahenga wetu walishasema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Nilipofika kwa daktari nikauliza swali moja tu: hili linaokoleka? Akatazama picha, akasema mzizi unaweza kusafishwa na kuzibwa, ila bei yake ni kubwa kuliko kung'oa. Nikajipapasa mfukoni, nikakubali.

Jioni nikamsimulia mama yote, kuanzia Mholanzi na chumvi yake hadi bei niliyolipa. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe huwa linaokoleka," akasema. "Mimi yote manne hakuna aliyeniambia."