Nikotini: sumu ya vidudu yenye iligeuka kamba ya mutu

Sisi wa agronomia tunaijua tumbako kupitia upande mwingine. Muti wa tumbako unatengeneza nikotini kwenye mizizi, halafu inapanda mpaka kwenye majani, juu ya kuyakinga na vidudu. Njo maana zamani wakulima walilowesha majani yake na kunyunyiza ile maji shambani. Mwenye anavuta sigareti anavuta dawa ya vidudu.

Jina lilitoka kwa Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Lisbon, mwenye alituma tumbako Paris karibu mwaka 1560, akiamini ni dawa. (Dawa!) Mwaka 1828, Posselt na Reimann wa Heidelberg wakaitenga nikotini yenyewe. Lakini kwa miaka mingi bado, mwenye alishindwa kuacha aliitwa tu mutu asiye na nguvu ya roho.

Sasa twende Sweden, miaka ya 1960. Mabaharia wa meli za chini ya maji hawakuweza kuvuta mule ndani, basi wakaweka tumbako mudomoni, na hamu ikatulia. Mwaka 1967 Claes Lundgren, wa Lund, akamwandikia Ove Fernö juu ya jambo hilo. Fernö alifanya kazi kwenye kampuni Leo ya Helsingborg, na yeye mwenyewe alikuwa muvutaji. Akili ilikuwa hii: mutu anatafuta nikotini, lakini moshi njo unamuletea kansa ya mapafu. Basi mupe nikotini bila moshi. Akaifunga ndani ya shingamu, juu ukiimeza, ini inaivunja nyingi mbele haijafika kwenye ubongo. Kwenye shavu inapita polepole. Kwa hiyo haitafunwi kama shingamu ya watoto: unatafuna kidogo, unaiweka pembeni ya shavu, unangoja. Uswisi iliikubali mwaka 1978, Marekani 1984.

Bulgaria ilikuwa imepita njia nyingine, yenye mimi ninaipenda zaidi. Tangu 1964 iliuza vidonge Tabex, vyenye sitisini ya mbegu za muti unaoitwa laburnumu. Sitisini inakaa kwenye kiti kile kile cha nikotini ndani ya ubongo, inapunguza hamu, na sigareti inakosa utamu. Vidonge ni vya siku 25 tu.

Tangu 2009, OMS imeweka nikotini ya tiba kwenye liste ya dawa za lazima. Kwetu sigareti inauzwa moja-moja kwenye kila kona. Mwenye amekwisha kuona ile shingamu kwenye farmasi ya kartye yake, atuambie bei.