Udhibiti wa usafiri wa abiria Shinyanga na Geita

Udhibiti wa usafiri wa abiria katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, unahusu leseni, njia, nauli, idadi ya abiria na usalama wa mabasi, daladala, magari madogo, bajaji na bodaboda. Kanuni zake kwa sehemu kubwa ni za nchi nzima. Hata hivyo utekelezaji wake katika ukanda huu wa machimbo ya dhahabu umezua mjadala wa pekee, kwa sababu vyombo vinavyolalamikiwa zaidi kwa ajali, kelele na moshi mara nyingi ndivyo pekee vinavyofika kwenye vijiji na machimbo madogo. Swali kuu la mjadala huo ni nani abebe gharama ya barabara salama na hewa safi: abiria, dereva, mwenye chombo, mgodi au serikali.

Mazingira

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Katika sensa ya mwaka 2022 Geita ilikuwa na wakazi 2,977,608, na Shinyanga wakazi 2,241,299. Miaka kumi kabla yake idadi hizo zilikuwa 1,739,530 na 1,534,808. Miji imekua kwa kasi kuliko mtandao wa barabara na wa mabasi, hasa Kahama, Geita na Katoro.

Uchimbaji ni sababu mojawapo kubwa ya ukuaji huo. Mgodi wa almasi wa Mwadui katika wilaya ya Kishapu ulianza mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Pembeni ya migodi hiyo kuna machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita, na Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Dhahabu ikionekana mahali papya, watu wengi huhamia huko kabla ya kuwepo barabara, kituo cha mabasi au njia iliyosajiliwa.

Barabara kuu inayotoka Nzega hugawanyika Tinde. Tawi moja huenda Shinyanga na Mwanza. Jingine hupita Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi na mpaka wa Rwanda huko Rusumo. Hii ni njia ya malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Isaka, kati ya Tinde na Kahama, kuna bandari kavu ambapo mizigo ya reli hupakiwa kwenye malori. Mji wa Geita uko kwenye barabara nyingine kuu, ile itokayo Mwanza kupitia Sengerema. Safari hiyo ilitegemea kivuko hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025.

Historia

Kabla ya pikipiki kuenea, baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha watu wa kawaida katika nchi tambarare ya Usukuma. Ilibeba maji, pamba, mkaa, wagonjwa na abiria. Katika miji ya Shinyanga na Kahama waendesha baiskeli za kukodi waliitwa daladala, jina ambalo katika miji mingine hutumika kwa mabasi madogo. Baiskeli haikuhitaji mafuta wala leseni ya udereva, na haikutoa moshi.

Neno bodaboda lilitokana na baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Baadaye jina hilo lilihamia kwenye pikipiki. Nchini Tanzania pikipiki za abiria zilienea katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, bei zilipopungua kutokana na pikipiki zilizotengenezwa China na India. Gari la magurudumu matatu liliitwa bajaji kutokana na kampuni ya Bajaj ya India. Vijana wengi waliokuwa wakiendesha baiskeli walihamia kwenye pikipiki.

Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki za magurudumu mawili na matatu. Kwa kanuni hizo bodaboda na bajaji zilitambuliwa rasmi kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa malipo.

Vyombo vya usafiri

Mabasi makubwa huunganisha miji ya mikoa hii na Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Kati ya miji na vituo vya biashara kuna mabasi madogo, na pia magari madogo ya abiria ambayo Kanda ya Ziwa huitwa michomoko. Bajaji hufanya kazi zaidi ndani ya miji. Bodaboda hufika kila mahali, pamoja na machimboni, ambako hubeba pia mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, yaani mashine za kusagia.

Madereva wengi wa bodaboda na bajaji si wamiliki. Baadhi humpelekea mwenye chombo kiasi maalumu cha fedha kila siku au kila wiki, kinachoitwa hesabu. Wengine huingia mkataba, na wakimaliza kulipa chombo huwa chao. Siku ambayo chombo kimekamatwa au kimezuiwa kuingia mjini, hesabu ya bosi bado hudaiwa.

Sheria na mamlaka

Sheria ya msingi ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayosimamiwa na polisi wa usalama barabarani. Leseni za usafirishaji, njia na nauli ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu. Halmashauri za miji na wilaya husimamia stendi, maegesho na vijiwe vya bodaboda.

Barabara zenyewe zina wasimamizi wawili. Wakala wa Barabara (TANROADS) hushughulikia barabara kuu na za mikoa. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo safari moja ya mchimbaji kutoka Kahama hadi machimboni inaweza kupita mikononi mwa taasisi nne au zaidi.

Hoja kuu za mjadala

Idadi ya abiria. Bodaboda inatakiwa kubeba abiria mmoja. Kubeba wawili au zaidi huitwa mishikaki na ni kosa. Polisi na watumishi wa afya husisitiza kwamba mishikaki huongeza majeruhi wa ajali. Abiria wa vijijini hujibu kwamba wakigawana nauli ndipo wanapoimudu, na kwamba hakuna gari lingine la kusubiri.

Michomoko. Wenye mabasi hulalamika kwamba wanalipia leseni, ukaguzi na ushuru wa stendi, kisha abiria wao wanachukuliwa njiani na magari madogo yasiyofuata ratiba na yanayojaza watu kupita kiasi. Madereva wa magari hayo na abiria wao husema kwamba basi huondoka likijaa tu na halipiti kwenye barabara za vumbi za ndani. Kuzuia michomoko bila kuweka gari mbadala huwaacha abiria na pikipiki, ambayo ni hatari zaidi kwa safari ndefu.

Stendi na katikati ya mji. Mji unapokua, stendi huhamishiwa pembeni ili kupunguza msongamano, na bajaji na bodaboda hutengewa maeneo ya kuegesha. Hatua hii huwapa nafuu wenye maduka na waenda kwa miguu. Lakini abiria aliyeshushwa mbali na soko au hospitali hulazimika kulipa nauli ya pili, na mwenye mzigo huumia zaidi.

Faini. Kwa miaka mingi kosa la barabarani lilitozwa shilingi 30,000 kwa lori, basi na pikipiki sawasawa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000 kwa kosa. Waliounga mkono walisema adhabu haipaswi kuwa sawa kwa vyombo vyenye kipato na madhara tofauti. Waliopinga walihofu kwamba faini ndogo ingepunguza utii.

Nauli

LATRA hupanga viwango vya juu vya nauli za mabasi na daladala kwa kuzingatia bei ya mafuta na gharama nyingine. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, nauli ya basi la kawaida la mikoani ilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria. Nauli ya mwanafunzi katika daladala ilibaki shilingi 200.

Nauli ya mwanafunzi ina matokeo mawili. Humsaidia mzazi, lakini humfanya mwanafunzi kuwa abiria asiyependwa na kondakta, kwa kuwa kiti kimoja huingiza fedha kidogo. Malalamiko ya wanafunzi kuachwa vituoni husikika nchini kote. Nauli ya bodaboda hutokana na mapatano ya dereva na abiria, nayo hupanda usiku, wakati wa mvua na mahali pasipo na chombo kingine. Hivyo anayeishi mbali na lami mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilomita kuliko anayeishi kando yake.

Vumbi na moshi

Uchafuzi wa hewa unaotokana na usafiri katika mikoa hii una vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni vumbi la barabara za changarawe, hasa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Kila lori likipita, vumbi huingia nyumbani, dukani na kwenye chakula kinachouzwa kando ya njia. Vumbi hupunguzwa kwa kumwagia maji, kuweka matuta ya kupunguza mwendo na, kwa suluhisho la kudumu, lami.

Cha pili ni moshi wa injini. Pikipiki moja hutumia mafuta kidogo, lakini injini isiyotunzwa au iliyotolewa kizuizi cha sauti huchafua hewa na kupiga kelele. Magari ya dizeli yaliyochakaa hutoa masizi mengi zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8. Tanzania haina katazo hilo bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu, hivyo magari ya umri mkubwa bado hununuliwa na wafanyabiashara wenye mtaji mdogo. Viwango vya ubora wa hewa vimewekwa katika kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Suala la haki huonekana hapa pia. Anayetembea kwa miguu, mwanafunzi na mama lishe wa kando ya barabara huvuta vumbi jingi kuliko aliye ndani ya gari lililofungwa vioo, ingawa wao ndio wanaosababisha uchafuzi mdogo zaidi.

Nani hulipa

Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Matengenezo ya barabara nayo hugharamiwa kwa tozo ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara. Kwa utaratibu huo dereva wa bodaboda huchangia barabara kila anapojaza mafuta, hata kama njia zake ni za udongo.

Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mapato ghafi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 inatakiwa pia kuwa na mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii. Madai ya wananchi ni kwamba fedha hizo zitumike zaidi katika barabara zinazotumiwa na malori ya migodi na wanakijiji kwa pamoja.

Dharura za afya

Mpango wa m-mama unaonyesha namna udhibiti unavyoweza kutumia vyombo vya watu binafsi badala ya kuvizuia. Ulijaribiwa Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura huombewa usafiri kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipatikani, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mpango, si na mgonjwa.

Mifano ya kwingine

Nairobi ilijaribu kuzuia matatu kuingia katikati ya jiji tarehe 3 Desemba 2018. Maelfu ya watu walitembea umbali mrefu kwenda kazini na katazo likasitishwa mara moja. Jiji la Mexico tangu mwaka 1989 huzuia gari kutembea siku moja kwa wiki kulingana na namba yake. Baadhi ya wenye uwezo walinunua gari la pili, mara nyingi kuukuu, ili kukwepa. London ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2003, wakati huohuo ikiongeza mabasi. Kigali tangu Januari 2025 haisajili pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli, bali za umeme.

Mifano hiyo hutumiwa na pande zote za mjadala. Wanaotaka udhibiti huona kwamba miji inaweza kubadilika. Wanaoupinga huonyesha kwamba katazo hufanikiwa pale tu abiria anapokuwa na chombo kingine cha kupanda, sharti ambalo vijiji vingi vya Shinyanga na Geita bado havijalitimiza.