Ujenzi na useremala wa nyumbani Migori na Homa Bay

Ujenzi na useremala wa nyumbani ni kazi ambazo wenye nyumba wa kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, huzifanya kwa mikono yao au kwa msaada wa jamaa na majirani. Kazi hizo ni pamoja na kukandika kuta, kuezeka, kutengeneza milango na samani, na kurekebisha kila mwaka yaliyoharibiwa na mvua na mchwa. Fundi wa kulipwa huitwa hasa kwa kenchi, uashi wa matofali na umeme. Katika sensa ya 2019 Migori ilikuwa na wakazi 1,116,436 na Homa Bay 1,131,950, wengi wao wakiishi mashambani.

Historia

Mfano mkongwe unaojulikana zaidi ni Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyo kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Inaaminika ilijengwa katika karne ya 16, na UNESCO iliiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na zimepangwa kwa mawe yanayoshikana yenyewe bila udongo wala chokaa.

Miongoni mwa Waluo, mpango wa boma ndio ulioamua nani ajenge nini na wapi. Kijana alijijengea *simba*, nyumba yake karibu na lango, na hapo ndipo wengi walipojifunza kazi. Mwanamume aliyekwenda kuanzisha boma lake aliandamana na mwanawe wa kwanza, akiwa na shoka na jogoo, na mkewe akabeba moto. Desturi ilitaka nyumba ya kwanza isimame siku hiyo hiyo, jambo lisilowezekana bila watu wengi. Kazi ya kushirikiana, iitwayo *saga*, ililipwa kwa chakula na pombe. Kwa kawaida wanaume walishughulikia nguzo na paa, nao wanawake wakamalizia kuta na sakafu, wakizipamba kwa udongo wa rangi mbalimbali.

Udongo na msingi

Nyanda za chini, kama Bonde la Lambwe na sehemu za Nyatike, zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi mfupi juu ya udongo huo hupasua ukuta, hivyo wajenzi huchimba hadi wafike kwenye tabaka gumu, au huuondoa na kujaza mawe na changarawe. Sehemu za juu, kama Rongo na Kuria, zina udongo mwekundu ulio thabiti zaidi.

Kuta

Ukuta wa kawaida huanza na nguzo zilizochimbiwa, fito zikafungwa au kupigiliwa pande zote mbili, na nafasi ya katikati ikajazwa udongo uliolowekwa na kukanyagwa. Tabaka la kwanza huachwa likauke mpaka lipasuke. La pili, lenye mchanga zaidi, huziba nyufa hizo, kisha mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe hupakwa ili kulainisha.

Wengi hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Saruji ni ngumu ilhali udongo hutanuka na kunywea, kwa hiyo lipu hubanduka vipande vipande. Dawa ya kawaida ni kupigilia waya wa kuku ukutani kwanza. Hata hivyo, ukuta huoza zaidi kuanzia chini, maji ya paa yanaporuka kutoka ardhini na kuulowesha. Kibaraza cha mawe na saruji kuzunguka nyumba, pamoja na paa lililotokeza vya kutosha, huulinda kuliko lipu.

Paa

Mabati yamechukua nafasi ya nyasi katika nyumba nyingi. Unene wake hupimwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko geji 28. Msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa wimbi wala si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Uwekaji huanzia upande ulio mbali na upepo, ili kila bati linalofuata lilalie lililotangulia na upepo usipenye kwenye maungio. Mifereji na tanki hukusanya maji ya mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, jambo muhimu katika maeneo makavu ya ufuoni.

Useremala

Mbao nyingi za bei nafuu ni za mkaratusi na grevilea. Mvule huthaminiwa kwa ugumu wake, nao mti uitwao *siala* kwa Kiluo hupendwa kwa nguzo. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka, hivyo mbao hupangwa kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.

Mlango wa mbao zilizosimamishwa huhitaji mbao za kulala na moja ya mshazari. Mshazari huanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa kitasa. Ukiwekwa kinyume, uzito wa mlango hauna kinachoubeba, nao hushuka na kukwaruza sakafu.

Mchwa na mbu

Mchwa hupanda kwa vijia vya udongo kutoka ardhini. Ncha za nguzo huchomwa moto au kupakwa oili chafu kabla ya kuchimbiwa, na vijia hukwanguliwa vinapoonekana.

Mbu waenezao malaria huingia sana kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Kuuziba kabisa huongeza joto, kwa hiyo wavu wa waya hufaa zaidi. Kisiwani Rusinga, mradi wa SolarMal wa taasisi ya icipe na washirika wake uliweka mitego ya mbu ya umeme wa jua katika nyumba za wakazi. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zilizokuwa na mitego.

Kwa mwenye nyumba mwenye fedha kidogo, kibaraza, mifereji na wavu hutangulia rangi na dari.